Japani na China: kwa nini mistari ya mbao laini ilipishana

Ukitazama chati ya mbao laini zilizoingizwa Japani na China tangu miaka ya 1990, macho hukimbilia pale mistari miwili inapopishana, karibu na mwaka 2010. Wa Japani unashuka, wa China unapanda. Wengi huhitimisha papo hapo kwamba Wajapani waliacha kujenga na Wachina wakaanza. Hiyo ni nusu ya habari.

Mbao laini ni za miti ya jamii ya msonobari. Fundi wa Mufindi au Eldoret angetaja paini na saipresi. Jina linafuata aina ya mti, si ulaini wake: balsa, mwepesi kama ulivyo, huwekwa kwenye mbao ngumu!

Japani ilifungua soko lake la mbao mwaka 1964. Vita na ujenzi uliofuata vilikuwa vimekwangua milima yake, na miche ya sugi na hinoki (miti ya mbao laini ya Kijapani) iliyopandwa ilikuwa bado michanga. Kufikia 2002, misitu ya ndani ilitosheleza asilimia 19 hivi ya mahitaji. Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Nyumba mpya zilizidi milioni 1.6 mwaka 1996, lakini 2009 hazikufika 800,000. Na ile miche ya zamani ikakomaa. Mwaka 2020 kiwango cha kujitosheleza kilipita asilimia 40.

China ndiyo inayowapoteza wasomaji wa chati. Baada ya mafuriko ya mto Yangtze mwaka 1998, serikali ilibana ukataji wa misitu ya asili, na mwaka uliofuata ikafuta ushuru wa magogo na mbao kutoka nje. Mwanzoni ilinunua hasa magogo ya Urusi, yakipita kwa treni katika miji ya mpakani kama Manzhouli na Suifenhe, na kuyapasua yenyewe. Gogo halihesabiwi kuwa mbao: forodhani lina namba 4403, mbao zilizopasuliwa 4407. Urusi ilipopandisha kodi ya magogo yanayotoka, hadi asilimia 25 mwaka 2008, kazi ya kupasua ikaanza kuhamia upande wa pili wa mpaka. Mti uleule ukabadilisha safu kwenye jedwali. Sehemu ya mwinuko ule mkali, basi, ni magogo yaliyogeuka mbao kabla ya kuvuka mpaka, wala si majengo mapya.

Ndiyo sababu sikubali kulinganisha 4407 peke yake. Hata Japani ina mwanya wake: boriti nyingi zilizounganishwa kwa gundi kutoka Ulaya huingia chini ya namba 4418, ya bidhaa za mbao za ujenzi, hivyo mstari wake huonekana chini kuliko mbao zinazotumika kweli.

Matumizi nayo yanatofautiana. Japani mbao inakuwa nguzo ya nyumba, na mnunuzi hukagua kila fundo na ufa. China sehemu kubwa hushikilia zege mpaka ikauke, au hutengeneza makreti. Kwa hiyo kampuni za kujenga maghorofa zilipokwama kwa madeni kuanzia 2021, athari ilifika bandarini upesi: kutoka zaidi ya mita za ujazo milioni 25 mwaka 2019, uingizaji ulishuka chini ya milioni 20 mwaka 2022.