Tauni ilipanda merikebu pamoja na ngano

Kila mwaka nikifika kwenye somo la tauni ya karne ya 14, swali la kwanza kutoka kwa wanafunzi huwa ni lile lile: ni kweli kwamba maiti zilirushwa juu ya ukuta wa Caffa? Wamelisikia mahali na limewakaa. Caffa ilikuwa bandari ya Wagenoa huko Crimea. Mwaka 1346 ilikuwa imezingirwa na jeshi la Jani Beg, khan wa Wamongolia waliotawala nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Hadithi inasema askari wake walianza kufa kwa uvimbe wa kinena na makwapa, naye akaamuru maiti zao zipakiwe kwenye mitambo ya kurushia mawe. Waliokuwa ndani wakakimbilia merikebuni, na wakaipeleka tauni Ulaya.

Zamani nilikuwa naisimulia mwenyewe, kwa sababu darasa lote hunyamaza. Siku hizi naanza kwa kuibomoa. Aliyeiandika, Gabriele de' Mussi, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria mjini Piacenza, kaskazini mwa Italia, na hati alizoziandika zinaonyesha kwamba miaka ile alikuwa huko huko kwao. Hakukanyaga Caffa. Isitoshe, maiti si chombo kizuri cha kubebea tauni ya uvimbe. Kiroboto hutaka damu yenye joto. Mwili ukianza kupoa, hushuka na kutafuta mwingine.

Mimi ni mtu wa historia ya uchumi, kwa hiyo nikiona merikebu huuliza ngamani mlikuwa na nini. Merikebu za Bahari Nyeusi zilibeba vitu vingi, lakini kimoja ndicho kilicholisha Italia: ngano.

Mwaka 1343, huko Tana, kituo cha biashara kwenye mlango wa mto Don, mfanyabiashara wa Venice alimuua mwenyeji mmoja mwenye cheo katika ugomvi. Jani Beg akawafukuza Wataliani wote, kisha akaenda kuizingira Caffa. Venice na Genoa, mahasimu wa miaka nenda rudi, wakapatana kuzisusia bandari za khan. Walioumia ni walaji. Miji ya Italia ilikuwa imeshakua kuliko mashamba yaliyoizunguka, na mavuno ya 1346 yakaharibika vibaya. Watu wakalala njaa. Mwaka 1347 amani ikapatikana, na ngano ikaanza kupakiwa tena. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2021, mwanahistoria Hannah Barker aliziweka tarehe hizi sambamba, akaona jambo ambalo wengi wetu tulilipita tukiwa tumeduwaa na mitambo ya kurushia maiti: tauni ilikuwa kwenye pwani ile tangu 1346, lakini haikuvuka bahari mpaka zuio lilipoondolewa na magunia yakaanza kutoka.

Niliposoma hoja yake mara ya kwanza nilikumbuka dari ya nyumba ya bibi yangu. Nimekulia Lushoto, na tauni ilipozuka kule mwaka 1980 nilikuwa mtoto. Mahindi yetu yalikaa darini, juu ya jiko, ili moshi uyakaushe na kuyafukuza dumuzi. Panya nao walikaa huko huko, nasi tulilala chini yao. Bibi alikuwa na agizo moja ambalo halikuwa na mjadala: ukimkuta panya amekufa na hakuna aliyempiga, usimguse, usimrushe, njoo uniambie. Baadaye wakaja watu wa afya kunyunyiza dawa ya unga kwenye sakafu na vitanda. Sikujua kwamba agizo lile la bibi lilikuwa limebeba nusu ya elimu ya tauni.

Panya hutangulia kufa. Bakteria wa tauni, aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894 na sasa anaitwa Yersinia pestis, huzaliana ndani ya kiroboto mpaka huziba njia ya chakula. Kiroboto aliyezibwa hunyonya damu lakini haimfiki tumboni. Njaa humtia wazimu. Huuma tena na tena, na kila anapouma huitapika ile damu pamoja na bakteria kwenye jeraha. Panya wa nyumba moja wakishakwisha, viroboto wenye njaa humgeukia binadamu. Tangu panya wa kwanza augue mpaka mtu wa kwanza ashikwe na homa, wiki tatu hivi huweza kupita. Hapo ndipo siri ya safari zile ilipo. Nahodha angeweza kung'oa nanga na mabaharia wazima kabisa, wenye afya, huku chini ya miguu yao ugonjwa unaendelea kimya kimya kati ya magunia. Wapo watafiti wanaoona kwamba huko Ulaya chawa na viroboto wa binadamu walifanya kazi kubwa kuliko wa panya, na tauni ikiingia mapafuni huambukiza kwa kikohozi bila kumhitaji mdudu yeyote. Hayo siyapingi. Lakini kuivusha bahari, panya na chakula chake wanatosha.

Ukiifuata ramani kwa tarehe utaona ikienda bandari kwa bandari. Constantinople, 1347: mfalme John Kantakouzenos anamzika mwanawe. Messina, kisiwani Sicily, Oktoba mwaka huo huo. Marseille kabla ya mwaka kwisha. Januari 1348 ni Venice, Genoa na Pisa. Katikati ya 1348 ni Melcombe, bandari ndogo kusini mwa Uingereza. 1349 ni Bergen, Norway. Na 1353 ni Moscow, yaani nyuma kabisa ya msafara, ingawa Moscow iko jirani na nyika ulikoanzia kuliko Bergen. Tauni ilifuata biashara, na biashara ilizunguka baharini. Mjini Siena, Italia, mtu mmoja aliyeitwa Agnolo di Tura aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Kanisa kuu la Siena lilikuwa linaongezwa wakati ule. Kazi ilisimama, na ule ukuta usio na jengo nyuma yake upo mpaka leo.

Kabla ya Caffa ilitoka wapi? Jibu zuri tulilonalo limetoka makaburini, karibu na ziwa Issyk-Kul katika Kyrgyzstan ya leo, kwenye njia ya misafara iliyounganisha China na magharibi. Wakristo waliofanya biashara pale waliandika mawe ya makaburi yao kwa Kisiria, lugha ya kanisa lao iliyo jamaa ya Kiarabu. Kati ya mawe 467 yenye tarehe, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339. Baadhi yanataja kilichowaua: *mawtana*, yaani tauni. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, ni ndugu wa neno letu mauti. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba meno ya watu watatu waliozikwa pale yalikuwa na vinasaba vya bakteria wa tauni, wa ukoo ulio karibu mno na ule uliokuja kuishambulia Ulaya.

Wazungu wamezoea kuisimulia habari hii kana kwamba Bahari ya Mediterania ina upande mmoja. Katika majira ya vuli ya 1347 tauni iliingia Alexandria. Mwanahistoria wa Misri al-Maqrizi anasimulia habari ya merikebu iliyofika huko ikiwa imebeba wafanyabiashara 32 na, pamoja na mabaharia na watumwa, watu 300 kwa jumla. Waliokuwa hai ni wafanyabiashara wanne, mtumwa mmoja na mabaharia wapatao 40, nao pia wakafia pale bandarini. Wale watumwa wanastahili kuangaliwa. Misri ilitawaliwa na Wamamluki, askari walionunuliwa wakiwa vijana, wengi wao kutoka nyika zile zile za Bahari Nyeusi, na aghalabu kwa merikebu za Genoa. (Neno lao tunalo pia: mamluki, mtu anayepigana kwa fedha za mwingine.) Dola hiyo haikuweza kuufunga mlango ule, maana jeshi lake liliingilia humo humo.

Ibn Battuta, yule yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa njiani kurudi kwao tauni ilipomkuta Shamu. Damascus, mwaka 1348, aliwaona watu wa mji wakifunga siku tatu, kisha wakatoka miguu mitupu kuelekea msikiti mmoja nje ya mji: Waislamu wakiwa na misahafu, Mayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wake kwa waume, wakilia na kuomba pamoja. Alipokaribia nyumbani, Morocco, akapewa habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Ibn Khaldun, aliyekuja kuwa mwanahistoria mkubwa, wakati ule kijana wa miaka 17 hivi mjini Tunis, alipoteza baba na mama. Sijapata kusoma kazi yake kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola bila kumwona yule kijana.

Strasbourg, mji wa mashariki mwa Ufaransa ya leo, hawakuandamana pamoja. Tarehe 14 Februari 1349 mamia ya Wayahudi wa mji ule walichomwa moto kwa tuhuma za kutia sumu visimani, na tauni yenyewe ilikuwa bado haijafika. Papa Clement VI alikuwa ameshatoa waraka mwaka uliotangulia akisema wazi kwamba Wayahudi wanakufa kama watu wengine. Waliotaka kuua hawakumsikiliza, na waliokuwa na madeni kwa Wayahudi hao walifutiwa.

Sasa nirudi kwenye ngano, kwa sababu sehemu ninayoijali zaidi inaanza pale vifo vinapopungua. Wanafunzi hupenda kuambiwa kwamba tauni iliwakomboa maskini: watu wakawa wachache, ujira ukapanda, ukabaila ukafa. Kwa Uingereza hilo lina ukweli, ingawa halikuja kwa hiari ya mtu. Kati ya theluthi moja na nusu ya watu walikufa. Mashamba yakabaki na nafaka imesimama na wavunaji hawapo. Aliyebaki akajua thamani ya mikono yake, akadai mara mbili ya ujira wa zamani, na akinyimwa akahamia kwa bwana wa jirani. Serikali ilikasirika. Amri ya 1349 na sheria ya 1351 zilirudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni: mvunaji alipwe peni 2 kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti na peni 3 wiki ya pili. Kila kijiji kikaagizwa kutengeneza mikatale ya kuwafunga wakaidi. Mwaka 1363 bunge likafikia hata kuwapangia wakulima kitambaa cha kuvaa. Lakini mabwana wenyewe waliivunja sheria usiku na mchana, kwa kuwa kila mmoja alimhitaji mvunaji wa mwenzake. Mwaka 1381 wakulima waliingia London kwa silaha. Walishindwa, viongozi wao wakauawa, ahadi za mfalme zikafutwa. Hata hivyo, karne moja baadaye utwana, ule wa mkulima kufungwa kwenye ardhi ya bwana, ulikuwa umebaki jina karibu kote Uingereza.

Misri walikufa wengi vilevile, na mambo yakaenda kinyume. Shamba la Uingereza linapata maji yake mbinguni. Mkulima mmoja na ng'ombe wake wanaweza kulilima hata jirani akiwa amekufa. Shamba la Misri lilitegemea mafuriko ya Nile kuingizwa kwenye mabonde kwa mifereji na kingo za udongo, na kingo hizo zilitaka maelfu ya watu kuzikarabati kila mwaka kabla maji hayajaja. Ukingo mmoja ukiachwa, vijiji kumi vinakosa maji au vinazama. Na mwenye mapato ya ardhi hakuwa bwana anayeishi pale na kumrithisha mwanawe. Alikuwa askari wa Kimamluki anayekaa Cairo, aliyepewa mapato ya kijiji fulani kama mshahara, na ambaye angeweza kunyang'anywa mwakani. Kwa nini atumie fedha zake kuchimba mfereji utakaomfaa mwingine? Mavuno yaliposhuka, alifanya lililokuwa karibu naye zaidi: aliwakamua zaidi wakulima waliobaki. Nao wakatoroka. Wamamluki walikuwa wameshikamana kwa jambo hili kwa namna ambayo makabaila wa Kiingereza, waliokuwa wakiibiana wavunaji, hawakuweza. Na tauni haikuja mara moja. Ilirudi na kurudi kwa zaidi ya karne, na kila iliporudi ilikuta mifereji imejaa tope kuliko mara ya kwanza. Mwanahistoria Stuart Borsch ndiye aliyeziweka nchi hizi mbili pamoja kwa hesabu, na tangu nimsome sijaweza tena kusema kwamba tauni ilifanya hiki au kile bila kutaja ni nani alikuwa ameshika ardhi.

Al-Maqrizi anataja mavuno yaliyofuata vifo vile. Wakulima walikuwa wamekwisha, kwa hiyo askari wenyewe walishuka mashambani na watumishi wao kukata ngano, wakinadi kwamba atakayekuja kusaidia atapewa nusu ya mavuno. Hawakumpata mtu.

Mwaka 1356 sultani kijana, Hasan, alianza kujenga msikiti na madrasa chini ya ngome ya Cairo, na wanahistoria wengi huona kwamba sehemu ya fedha ilitoka kwenye mali za watu waliokufa kwa tauni bila kuacha mrithi. Nimesimama uani mwake mara mbili. Ni jengo zuri mno, kuta zake zinapanda zaidi ya mita 30, na mafundi waliozichonga hizo nakshi walikuwa watu waliopona. Mara zote mbili, badala ya kutazama kuba, nimejikuta nikihesabu mawe na kuwaza ni kingo ngapi za Nile zingekarabatiwa kwa fedha ile.