Sailensa Ikiyumba, Usikimbilie Skrubu ya Kabureta

Pikapu ya zamani ikianza kutetemeka na kutaka kuzimika ikiwa sailensa, yaani imesimama na injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, wengi husema: "Kabureta hiyo, pandisha sailensa." Skrubu ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, inakazwa, injini inatulia, mwenye gari anaondoka ameridhika. Lakini tatizo limefichwa tu, bado lipo.

Mara nyingi kisa ni hewa inayopenya pasipostahili: mpira wa vakyumu (bomba la mpira lenye mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka, au gasketi ya manifoldi (kizibo kati ya injini na njia ya kuingizia hewa) iliyochoka. Petroli huungua vizuri ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Gari likiwa sailensa, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kimefungwa karibu chote na hewa inayoingia ni kidogo mno, hivyo hata ufa mwembamba huvuruga mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa huwa nyingi na ufa ule hausikiki tena. Ndiyo maana gari hilohilo hukimbia vizuri barabarani, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Injini ikinguruma, mikono ikiwa mbali na feni, bana mipira ya vakyumu kwa koleo, mmoja mmoja, taratibu. Ukibana mmoja na mngurumo ukatulia ghafla, umempata mwizi. Usiuruke ule mnene wa hidrovaki ya breki, kile kifaa kinachokupunguzia nguvu ya kukanyaga breki. Huchanika chini ya klipu, mahali macho hayafiki, na ukiharibika breki nazo huwa ngumu. Mimi huanzia hapo.

Hewa ikiwa sawa, kagua plagi na waya zake. Ukishaziba uvujaji, rudisha skrubu iliyopandishwa, la sivyo injini itazunguka kasi kupita kiasi.