MS na magonjwa mengine ya kinga kujishambulia

Kazi ya kinga ya mwili ni kumtambua mgeni na kumwondoa. Ikikosea, ikaiona tishu ya mwili wenyewe kuwa ndiyo mgeni, huo ndio ugonjwa wa kinga kujishambulia. Katika kisukari cha aina ya kwanza zinashambuliwa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika baridi yabisi ni utando wa viungo. Katika multipo sklerosisi, ambayo wengi huiita MS tu, inashambuliwa mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Ala hiyo ikichubuka, ujumbe unachelewa au haufiki: mguu unakufa ganzi, au jicho moja linaanza kuona ukungu na kuuma kila unapoligeuza.

Swali linaloulizwa sana ni kama mwenye MS atapata na mengine. Wengi hawapati. Linalojitokeza mara nyingi zaidi ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo; soriasisi ya ngozi na magonjwa ya utumbo kuvimba, kama ule wa Crohn, pia huonekana. Uchovu, usahaulifu na kufunga choo vinaweza kutoka kwenye MS au kwenye thairoidi iliyolegea, kwa hiyo kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, ni cha lazima kabla ya kusema "ni MS tu".

Undugu wa magonjwa haya unaanzia kwenye jeni. Jeni za HLA ndizo huamua seli ziwaonyeshe askari wa kinga vipande gani vya protini. Aina iitwayo HLA-DRB1*15:01 huongeza hatari ya MS takriban mara tatu. Lakini aina hiyo hurithiwa pamoja na jirani yake, DQB1*06:02, ambayo humkinga mtu na kisukari cha aina ya kwanza. Jeni zilezile zinafungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Hata hivyo katika kisiwa cha Sardinia, Italia, ambako mchanganyiko wa HLA ni tofauti, magonjwa yote mawili yapo kwa wingi.

Jeni peke yake haitoshi. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitangaza matokeo ya kufuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani: hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo vinahusishwa pia na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo, figo na sehemu nyingine. Karibu kila mtu mzima anavyo, na ndiyo maana kukutwa navyo si dalili ya ugonjwa.

Penye uzito zaidi ni kwenye dawa. Infliximab, etanercept na adalimumab huzuia TNF, kemikali ya uvimbe, na zimewainua wengi wenye baridi yabisi na ugonjwa wa Crohn. Ilidhaniwa MS nayo itatulia kwa njia hiyo. Jaribio la lenercept, dawa nyingine ya kuzuia TNF, lililotangazwa mwaka 1999, lilionyesha kinyume: waliopewa dawa walipata mashambulio mengi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo mwenye MS anayetibiwa viungo au utumbo amwambie daktari huyo mapema kwamba ana MS. Si kila daktari wa viungo atakumbuka kuuliza. Rituximab, kwa upande wake, hupunguza seli B, zile za kinga zinazozaa kingamwili, na hutumika kwa baridi yabisi na kwa MS vilevile.

Alemtuzumab hutibu MS lakini huweza kuamsha ugonjwa mpya: zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu hupata tatizo la thairoidi la kinga. Ndiyo sababu damu hupimwa kila mwezi, na TSH kila miezi 3, hadi miaka 4 baada ya dozi ya mwisho. Nayo methylprednisolone, dawa ya steroidi, ya gramu 1 kwa siku, inayopitishwa kwenye mshipa siku 3 hadi 5 wakati wa shambulio, hupandisha sukari vibaya kwa mwenye kisukari. Insulini irekebishwe tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna NMO (neuromyelitis optica), ugonjwa wa kinga unaoshambulia hasa neva za macho na uti wa mgongo, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa MS. Kingamwili yake, inayolenga aquaporin-4, protini inayopitisha maji kwenye seli, ilielezwa mwaka 2004. Mara nyingi huambatana na lupasi au ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo, na huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko Wazungu. Kidonda chake kwenye picha ya MRI mara nyingi huenea pingili 3 au zaidi za uti wa mgongo. Cha MS huwa kifupi. Kwikwi na kutapika kusikoisha kwa siku nyingi, tumbo likiwa zima, ni dalili ya kuifikiria. Interferoni beta na fingolimod, dawa za MS, zinaweza kuizidisha NMO, kwa hiyo kipimo cha aquaporin-4 kitangulie.

Jambo moja dogo la maabara: baadhi ya wenye MS humeza bayotini, ambayo ni vitamini ya kundi B, hadi miligramu 300 kwa siku. Kiasi hicho huvuruga baadhi ya mashine, TSH ikasomeka chini na homoni ya thairoidi juu, mtu akaambiwa ana ugonjwa wa Graves, yaani thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi kwa kuchochewa na kinga, ilhali tezi yake ni nzima. Mwambie anayekutoa damu kwamba unaitumia, na muulize daktari uiache siku ngapi kabla ya kipimo.