Kompyuta "kutambua diski": maana yake, na mahali inapokwama

Fundi anaposema kompyuta "haitambui diski", ametaja dalili. Ugonjwa bado hajautaja. Kutambua diski ni mazungumzo mafupi yanayopita kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kabla Windows haijaamka. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inauliza kama kuna diski kuu kwenye waya wake. Diski inajibu kwamba ipo, inaitwaje na ina ukubwa gani. Mazungumzo hayo yakikatika popote, skrini inatoa ujumbe uleule: hakuna diski. Kwa kuwa ujumbe ni mmoja na sababu ni nyingi, diski zilizo nzima kabisa hutupwa, na kumbukumbu za miaka zikaenda nazo jalalani. Hilo linaniuma, maana mara nyingi kilichotakiwa ni betri ya saa tu, au kijampa, kile kijiplastiki cha nyuma ya diski, kilichokaa pini isiyo yake.

Dodoma ya leo ina ofisi mpya za Mtumba, mji wa serikali, na kompyuta zake za kisasa. Lakini ukitoka mjini kuelekea Kongwa, Mpwapwa au Bahi, bado kuna kompyuta za mezani zenye kasha la rangi ya krimu lililogeuka njano, ofisini kwa parokia, kwenye chama cha ushirika, chumbani kwa mhasibu wa shule. Ndani yake mna orodha za wanachama, hesabu za zabibu na alizeti, madaftari ya ada, vyote vikiwa ndani ya programu za zamani ambazo hazifunguki kwenye mashine mpya. Mwenye kompyuta hiyo hafugi vitu vya kale kwa mapenzi. Anahitaji kilichomo.

Turudi kwenye mazungumzo yenyewe. Ni kama mwalimu anayeita mahudhurio asubuhi. Mwalimu ni BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mazabodi. Ili jina la mwanafunzi lipate alama ya kuwepo, lazima awe amefika, awe macho, asikie akiitwa, aitike kwa jina lake na si la mwenzake, na mwalimu mwenyewe awe na daftari linalosomeka. Kimoja kikikosekana, mtoto anaandikwa mtoro hata kama ameketi dawati la mbele.

Diski za kompyuta hizo ni za IDE, mfumo uliozaliwa katikati ya miaka ya 1980 na kupata kiwango rasmi, kwa jina la ATA, mwaka 1994. Mazabodi ya kawaida ina njia mbili za IDE, na kila njia hubeba vifaa viwili, kwa hiyo jumla ni vinne ukihesabu na kisoma CD. Baada ya umeme kuwaka, BIOS husubiri diski izunguke na kutulia, kisha huitumia amri ya kujitambulisha. Jibu ni kifurushi cha baiti 512 chenye modeli, namba ya kiwandani na vipimo vya jinsi nafasi yake ilivyogawanywa: silinda (duara za njia za data) ngapi, vichwa vya kusomea vingapi, sekta (vipande vya kila njia) ngapi. Jibu likifika salama na BIOS ikalielewa, diski imetambuliwa. Maana ya neno hilo inaishia hapo. Mambo ya Windows na mafaili yanakuja baadaye.

Hatua ya kwanza ya kutafuta tatizo haihitaji kifaa chochote. Inahitaji sikio. Kwa mafundi wa mjini, mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee. Inasemaje mashine?"

"Marahaba mwanangu. Diski imekufa. Nimeambiwa ninunue nyingine."

"Ukiiwasha, unaisikia ikianza kuzunguka?"

"Hapana, kimya kabisa."

"Basi tusiseme imekufa, mzee. Tuangalie kwanza kama inapata umeme."

Swali hilo ni zuri kwa sababu linagawa tatizo mara moja. Diski iliyo kimya haijafika hata kwenye hatua ya kuitwa. Plagi yake ya umeme ina waya nne: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi mbili ni za ardhi. Mota inazungushwa na volti 12, saketi ya diski inalishwa na volti 5. Kwa mita ya kupimia volti, njano isomeke kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, na upime diski ikiwa imechomekwa na mashine inawaka, kwa sababu pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ikipewa kazi. Fungua kasha uangalie na kapasita za mazabodi, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme: zilizovimba kichwani au kuvuja zimeisha, na za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina sifa mbaya sana kwa hilo. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huzimaliza haraka zaidi. Jaribu pia plagi nyingine kutoka pawa saplai ileile. Pini za plagi hizi hurudi nyuma ndani ya plastiki na kuacha kugusa.

Diski inayogonga, tak, tak, tak, kwa mpigo uleule, ni kesi nyingine. Vichwa vyake vinatafuta njia na kuikosa. Zima. Kila ukiiwasha tena unaongeza uharibifu, na kama kilichomo kina thamani, mpelekee mtu mwenye kazi ya kuokoa data. Wala usiifungue kifuniko kwa matumaini ya kuona kitu. Vichwa huelea juu ya sahani kwa pengo dogo kuliko punje ya vumbi, na vumbi la Dodoma wakati wa upepo wa kiangazi linafika hadi ndani ya makabati yaliyofungwa.

Kiangazi hicho hicho kina hatari nyingine isiyoonekana. Hewa ikiwa kavu, mwili hukusanya umeme tuli, na cheche usiyoihisi inaweza kuua chipu. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa saketi, na usifanye kazi juu ya zulia au blanketi.

Kama diski inazunguka vizuri lakini haionekani, shuku kebo na jampa. Hapa ndipo nimeona kesi nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Kebo bapa ya IDE ina mstari mwekundu upande mmoja, unaoonyesha pini namba 1. Kwenye diski nyingi pini hiyo iko upande wa plagi ya umeme. Kebo za zamani zisizo na kipande cha kuzuia huingia hata kinyume, na dalili yake ni taa ya diski kuwaka mfululizo bila kupepesa tangu mashine inapowashwa. Geuza, taa itatulia. Kuna kebo ya nyaya 40 na ya nyaya 80, zote zikiwa na plagi ya matundu 40. Ile ya nyaya 80 ina rangi zake: bluu inakwenda kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho kwenye diski ya kwanza, kijivu cha katikati kwenye ya pili. Urefu usizidi sentimita 46 hivi. Kuchomoa na kuchomeka tena mara chache kunasugua kutu na vumbi kwenye pini, na ni dawa ya kweli, si imani.

Jampa ni kijiplastiki chenye bati ndani kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski, na kazi yake ni kuiambia diski ijiite nani. Kwenye kila njia kifaa kimoja ni masta, cha pili ni sleivu. Ukiweka masta wawili, wote wanaitika kwa jina moja na BIOS haimpati yeyote, au inampata mmoja kwa jina lililovurugika. Ukiweka diski moja peke yake kama sleivu, mashine nyingine huikubali na nyingine huipita. Chaguo la tatu huiachia kebo iamue kufuatana na nafasi ya plagi. Linafanya kazi vizuri kwenye kebo ya nyaya 80, lakini kebo nyingi za nyaya 40 hazina uwezo huo. Diski nyingi za Western Digital zina jambo lake: kuna nafasi moja ya masta mwenye mwenzake, na nyingine ya diski iliyo peke yake. Ukiondoa diski ya pili na kuiacha ya kwanza kwenye nafasi ya "mwenye mwenzake", inaweza kugoma kuonekana. Mchoro umebandikwa juu ya diski yenyewe. Ausome mtu kwa utulivu, kwenye mwanga, kabla ya kununua chochote. Njia ya kupima haraka ni kuchomoa vifaa vyote vya IDE, kisoma CD kikiwemo, ukaiacha diski moja kama masta kwenye ncha ya kebo ya njia ya kwanza.

Sasa tufike kwenye daftari la mwalimu, sehemu ambayo watu wanaielewa kidogo na inayopoteza data nyingi. IBM PC/AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyoleta utaratibu wa kuhifadhi aina ya diski kwenye kumbukumbu ndogo inayoishi kwa betri. Kompyuta za vizazi vilivyofuata, zenye chipu za 386 na 486, ziliufuata: mtu mwenyewe aliandika kwa mkono idadi ya silinda, vichwa na sekta. Betri ikiisha, namba zinafutika, na mashine inakuambia kwa ukweli wake kwamba haijui diski yoyote. Diski haina kosa. Dalili ya betri kuisha ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi kila unapowasha. Kwenye mashine nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni betri ya duara ya CR2032, volti 3, inayopatikana hata kwenye duka la saa. Kwenye za zamani zaidi ni pipa dogo lililochomewa kwenye mazabodi, na hilo ni adui: huvuja na kula njia za shaba zilizo karibu nalo. Likate mapema hata kama bado linafanya kazi.

Ukiweka betri mpya, ingia BIOS, tumia chaguo la kutafuta diski, na kama halipo, andika namba zilizochapwa kwenye lebo ya diski, chini ya aina ya 47 au ile ya mtumiaji. Lakini subiri hapo. BIOS nyingi hutoa njia tatu za kuhesabu diski moja: Normal, Large na LBA. Diski iliyogawanywa kwa njia moja ikisomwa kwa nyingine, BIOS inaiona, jina linatokea vizuri, ila Windows au DOS (mfumo wa kuendesha uliotangulia Windows) haiamki, au folda zinaonekana takataka. Mtu asiyejua hukimbilia kuformati, yaani kuifuta diski na kuiandaa upya. Huo ndio wakati wa kuinua mikono kutoka kwenye kibodi. Hakuna kilichopotea bado. Rudi BIOS, badilisha njia ya kuhesabu, jaribu zote tatu, ukikaa mbali na programu yoyote inayotaka kurekebisha au kuandika. Ikishaamka, andika njia iliyokubali pamoja na silinda, vichwa na sekta kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya kasha.

Kama BIOS inaitaja diski kwa jina lake kamili na ukubwa sahihi lakini ujumbe unasema hakuna mfumo wa kuendesha, kutambua kumekamilika na tatizo limehamia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye jedwali la migawanyo, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa. Hapo, kabla ya kurekebisha, nakili kwanza. Adapta ya IDE kwenda USB yenye umeme wake wa volti 12, kompyuta yenye mfumo wa Linux, na ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, vinatosha kutengeneza nakala nzima, na marekebisho yafanyike juu ya nakala.

Imebaki kesi ya diski ya kubadilishia. Diski kubwa kwenye mashine ya zamani inaweza isitambulike kwa sababu ya hesabu tu. BIOS za mwanzo ziliishia silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63 zenye baiti 512, yaani megabaiti 528. Baadaye kikomo kikawa gigabaiti 8.4, halafu 33.8, ambapo mashine nyingine huganda kabisa wakati wa kutafuta diski, halafu 137. Kikomo hicho cha mwisho kiliondolewa na kiwango cha ATA-6 mwaka 2002, na Windows XP ikakivuka kuanzia toleo lake la SP1. Baadhi ya diski zina jampa ya kujifanya ndogo, gigabaiti 32, kwa ajili ya BIOS za aina hiyo. Mimi napendelea kadi ya CompactFlash, kadi ya kumbukumbu ya kamera za zamani, kwenye adapta ya IDE: kadi hizo zinaongea lugha ileile ya IDE, hazina mota ya kuchoka, na vumbi haliziathiri. Kwa mashine ya enzi za Windows 98, kadi ya gigabaiti 4 inabeba mfumo, programu ya hesabu na mafaili yake, na ipo chini ya kikomo cha 8.4.