Mchezaji kiraka maana yake nini hasa? Mcheki Stephan Schröck

Ukisikiliza mpira redioni lazima ulikute hili neno, mtangazaji anakwambia kocha kamwingiza kiraka wake na we unaelewa tu hata kama hujawahi kuelezwa na mtu. Kiraka cha nguo wote tunakijua, kile kitambaa kinachoshonewa kwenye goti la kaptula ya shule pakishatoboka. Kwenye mpira ni yule mchezaji ambaye kocha anamtoa namba hii anampeleka ile na timu inaendelea kucheza kama kawaida. Bongo ukisema kiraka wengi anawajia Erasto Nyoni, maana jamaa alicheza beki wa kulia, wa kushoto, wa kati na kiungo mkabaji, ilimradi umpe jezi tu.

Ila mi leo namtumia Mfilipino, kwasababu kazi yake inaonyesha vizuri kitu ambacho watu wanakichanganya. Stephan Schröck kazaliwa Schweinfurt, Ujerumani, 1986, baba Mjerumani mama Mfilipino. Kakulia kwenye klabu ya Greuther Fürth, akaitwa mpaka timu za vijana za Ujerumani, na pale Fürth ndo ukiraka wake ulipoiva, msimu unamkuta beki wa kulia, baadae unamkuta winga upande huohuo. 2012 Fürth wakachukua ubingwa wa daraja la pili na kupanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza tangu hiyo ligi ianzishwe 1963. Yeye akasepa zake Hoffenheim, kisha Eintracht Frankfurt, akarudi tena Fürth, na 2016 akahamia Ufilipino kuchezea Ceres ya Bacolod.

Sasa sikiliza, mtu wa jukwaani anaona beki wa kulia na winga wa kulia ni kitu kimoja, si upande uleule na chaki ileile, yani mstari wa pembeni? Hapana aisee. Namba mbili mpira unaukuta mbele yako, uwanja wote unauona, shida yako ni nani anakuja na mgongoni kwako kuna nafasi kubwa kiasi gani, ukipanda bila hesabu unaacha mlango wazi. Winga mpira mara nyingi unakuja ukiwa umelipa goli mgongo na beki anakupumulia shingoni, una sekunde moja ya kuamua unageuka nae au unarudisha nyuma, na ukipoteza haiwi msiba. Ukienda kiungo wa kati ndo balaa kabisa maana huko hakuna chaki ya kukulinda, watu wanakuja kulia, kushoto, nyuma, kwahiyo kabla mpira haujakufika uwe umeshageuza shingo mara mbili tatu kuangalia. Schröck kacheza hizo zote, na timu ya taifa ya Ufilipino ilimtumia zaidi pale katikati na mbele. Yani miguu ni ileile ila kichwa kinabadilishwa kila wiki, na mi naona hapo ndo kipaji kilipo kuliko hata mbio.

Alianza kuichezea Ufilipino Julai 2011, kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Sri Lanka, na mwezi huohuo kwenye marudiano na Kuwait pale Manila akafunga goli la mbali ambalo Wafilipino wa rika langu hawajalisahau, japo mechi walifungwa 2-1. Huyo ndo mtu aliyezoeleka kama beki kwao Ujerumani.

Sasa kuna kiraka na kuna wa kuzibia, na hapa ndo watu wanapochanganya. Mei 18, 2013, siku ya mwisho ya msimu, hiyohiyo Hoffenheim ya Schröck iko ugenini Dortmund inapigania isishuke daraja. Kipa wa Dortmund, Weidenfeller, anafanya faulo ndani ya boksi, penati na kadi nyekundu juu, na Dortmund sabu zimeshaisha. Nani anavaa glovu? Kevin Großkreutz, mtu wa pembeni huyo, yani kazi yake ya kwanza golini ni kusimama mbele ya penati ya Salihović. Ikaingia, Hoffenheim wakashinda 2-1, wakaenda mchujo wakabaki. Großkreutz kwenye namba za ndani alikuwa kiraka halali kabisa, ila pale golini alikuwa wa kuzibia tu, hakuna kocha aliyekaa wiki nzima akapanga hivyo. Schröck alikuwa anapangwa, kocha anaandika jina lake kwanza afu ndo anatafuta wapi panahitaji mtu.

Kwanini makocha wanawapenda hawa watu? Hesabu ni nyepesi. Kwenye Kombe la Asia 2019 kila timu ilipeleka wachezaji 23, toa makipa watatu wanabaki 20, na uwanjani namba za ndani ni 10, kwahiyo kila namba ina watu wawili tu. Akiumia mmoja na mwingine akala kadi umekwisha. Ukiwa na kiraka mmoja wa uhakika anayecheza namba tatu ni kama una wachezaji 22 wa ndani huku shirikisho linalipia tiketi 20. Kwa nchi kama Ufilipino, ambayo ndo ilikuwa inafika kwenye hayo mashindano kwa mara ya kwanza, hicho si kitu kidogo.

Bei yake ipo lakini. Kiraka akicheza vibaya kwenye namba ya kuazimwa, lawama ni zake, hakuna anayekumbuka kwamba wiki iliyopita alikuwa upande mwingine. Na mwenye namba akipona, kiraka anahamishwa tena au anarudi benchi. Nadhani ndo maana wengi wao hawapati mabango makubwa, mabango wanapewa wafungaji.

Sasa mtu wa namna hii, huko Dubai Januari 16, 2019, Ufilipino chini ya Sven-Göran Eriksson wanacheza na Kyrgyzstan mechi ya mwisho ya makundi. Walishafungwa 1-0 na Korea Kusini, wakala 3-0 kwa China, na hapa tayari wako nyuma 3-0, zote za Vitalij Lux. Magoli ya Ufilipino kwenye historia yote ya Kombe la Asia mpaka dakika hiyo: sifuri. Kuna washambuliaji uwanjani, kuna mawinga wa kazi hiyo. Dakika ya 80 aliyefunga ni Schröck.