Siki kwa mjamzito: tofauti ya kachumbari na kikombe cha asubuhi

Mama mjamzito anaruhusiwa kula siki? Kliniki tunaulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ameshatishwa na jirani kwamba siki itamharibia mimba. Kwa siki ya chakula, hofu hiyo haina msingi. Siki ni maji yenye asidi ya asetiki, kwa kawaida kama asilimia 5, na mwili huisaga asidi hiyo kama sehemu ya chakula. Ile unayonyunyiza kwenye kachumbari au kuungia samaki haitoi mimba. Hata siki ya mnazi, iliyoanza maisha yake ikiwa tembo, haina neno: ulevi wake karibu wote umeshageuka asidi. Kwenye achari, angalia zaidi chumvi, hasa kama presha yako inapanda.

Siki inayotupa kazi ni ile inayonywewa kama dawa. Siki ya tufaha inasifiwa mno mitandaoni: inapunguza unene, inashusha sukari, inaondoa kiungulia. Hilo la kiungulia linanishangaza. Homoni za ujauzito hulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, ndiyo maana asidi hupanda kifuani. Kumimina asidi nyingine juu yake huwazidishia wengi moto. Ikinywewa kavu huunguza koo na kula meno, ambayo kwa mama anayetapika kila asubuhi yameshachoka tayari. Mwenye kisukari anayechoma insulini asiichanganye na matibabu yake bila daktari kujua, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na kupunguza unene si kazi ya miezi hii tisa.

Ile yenye utandu chini ya chupa mara nyingi haijachemshwa kuua vijidudu. Asidi yake huwadhoofisha wengi, lakini mjamzito hushikwa kirahisi na bakteria wa listeria, wanaoweza kumfikia mtoto tumboni. Chagua iliyochemshwa kiwandani. Chupa isiyo na lebo iache dukani. Huwezi kujua kama ni siki ya chakula au asidi kali ya kusafishia.

Kuna matumizi ambayo akina mama huyataja kwa kunong'ona: kunywa siki kutibu UTI, au kujioshea ukeni. Kuosha ndani kwa siki huvuruga bakteria wazuri wanaolinda uke na kufungua njia kwa maambukizi. UTI nayo haiponi kwa siki. Ikiachwa hupanda hadi kwenye figo na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, ilhali zipo antibayotiki salama kwa mjamzito. Ukikojoa kwa maumivu, peleka mkojo ukapimwe. Ikiongezeka homa, kutetemeka au maumivu ya kiuno, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana.