Kigezo hakigeuki njiani

Juzi tena nimelisikia lile kosa la kuchanganya kigezo, kigeu na sharti katika kazi zetu za kompyuta. Kijana wetu mmoja wa kazini, mtu wa Wete, mchapakazi wala sina la kumlaumu, kaniandikia saa tano za usiku: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu, paramita imebadilika katikati ya paiplaini." Nikamjibu kuwa hilo haliwezekani. Akanitumia picha ya skrini. Kweli, kitu kilikuwa kimebadilika, lakini hakikuwa paramita.

Kabla yake, mkubwa mmoja kikaoni alisema tuweke "kigezo kwamba tawi likiwa si kuu, programu isipande hewani". Matawi ni nakala za msimbo, yaani maandishi ya programu, zinazofanyiwa kazi sambamba, na moja ndiyo kuu. Hicho nacho si kigezo. Na wiki mbili nyuma kuna aliyeniambia kapitisha variabo kwenye fomu. Mara zote tatu sikumsahihisha mtu neno alilolitumia, na sasa naona kunyamaza kumetosha.

Maana kwanza, tena kwa haraka. Paiplaini, au mkondo, ni mfululizo wa hatua ambazo seva huzifanya yenyewe kila msimbo mpya unapoingia: huuchukua, huujenga, huujaribu, huufunga, kisha huupeleka unakotumika. Kigezo, ambacho wengi wetu tunakiita paramita, ni nafasi iliyotangazwa kabla safari haijaanza, ina jina na mara nyingi ina aina, na hujazwa thamani moja kwa safari moja: toleo gani, mazingira gani, majaribio yafanywe au yasifanywe. Kigeu, yaani variabo, ni jina linalobeba thamani ndani ya safari, na thamani hiyo ina ruhusa ya kubadilika. Thamani ni kile kilichomo, kama 2.1, au "majaribio", au ndiyo na hapana. Hapo maana imekwisha, na mwenye haraka zake anaweza kuishia hapa.

Kinachonikera ni kwamba kigezo na kigeu yanafanana sura, basi watu wakayafanya ndugu. Si ndugu. Moja limetoka kwenye kugeza, jengine kwenye kugeuka, na kugeza na kugeuka ni mambo yanayopeana mgongo. Kugeza ni kuiga, kufuatisha kitu kilichokwisha kuwepo. Kugeuka kila mtu anakujua. Kigeugeu tunamwita mtu asubuhi yuko huku, jioni yuko kule. Waliotafuta neno la hisabati wakachukua nusu ya jina lake, wakapata kigeu. Wengine husema kibadilika, na mimi sina ugomvi nao.

Kigezo mimi nililijua kabla sijaiona kompyuta. Ami yangu alikuwa fundi cherahani, na mwezi wa Ramadhani ukishafika kumi la mwisho, mlango wake haukufungwa. Anakuja mtu na kitambaa chake cha kanzu ya Idi, ami hamuulizi urefu wala kifua. Anamwambia, "Lete kigezo." Yule mtu anarudi nyumbani kuchukua kanzu yake ya zamani, ile inayomkaa vizuri. Ami anaitandaza juu ya meza, anaipima kwa futi, anaandika kwenye daftari: bega, mkono, kifua, urefu, shingo. Kisha anaikunja anaiweka kando, juu ya rafu, na haiguswi mpaka kanzu mpya iishe.

Angalia ile kanzu ya rafuni. Kitambaa kitakatwa, kitapindwa, kitashonwa, kitafumuliwa pale ami alipokosea, kitashonwa tena. Uzi utabadilishwa. Alama za chaki zitafutika. Kile kigezo kipo pale pale kimekunjwa, na ami akipata shaka usiku wa manane hukishusha akakipima upya, kikampa jibu lile lile la mchana. Mteja mwengine akija ana kigezo chake. Kwa hiyo kigezo kinatofautiana baina ya kazi na kazi, lakini ndani ya kazi moja hakitingishiki.

Na hiyo ndiyo maana hasa ya paramita huko ilikotoka. Neno lenyewe ni la Kigiriki kwa mizizi yake: para ni kando, metron ni kipimo. Kipimo cha kando! Ni metron hii hii iliyotupa mita tunayopimia kitambaa Darajani. Wanajiometria wa Ulaya walilitumia katika karne ya 17 kwa urefu maalumu unaoainisha mchirizo wa namna ya parabola, na kutoka huko likaingia kwenye hisabati nyengine zote. Skuli tulichora y = mx + c. Hapo x na y ndivyo vigeu, vinatembea juu ya mstari. Herufi m na c ni vigezo: ukishazichagua, mstari ndio huo, na ukizibadilisha hujausogeza mstari wako, umechora mstari mwengine. Mwalimu wetu alikuwa akilisema hili kila kipindi na sisi tukidhani anajirudia tu.

Sasa turudi kwa kijana wa Wete na picha yake. Mkondo wao unaendeshwa na Jenkins, programu ya kuendeshea paiplaini. Kigezo kinaitwa TOLEO, na aliyeuanzisha ujenzi aliandika 2.1 kwenye fomu. Hatua ya kwanza ikachapa 2.1. Hatua ya pili ina skripti ndogo ya ganda (shell), yaani faili la amri zinazofuatana, na ndani yake kuna mstari unaosema TOLEO iwe 2.1-jaribio, ikachapa 2.1-jaribio. Hatua ya tatu ikachapa 2.1. Hapa ndipo alipochanganyikiwa zaidi, kwani kwa maneno yake paramita "ilibadilika halafu ikajirudi". Alikuwa akitafuta jini.

Hakuna jini. Jenkins ikipokea kigezo hukiweka mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye orodha ya vigezo yenyewe, ambayo ni ya kusomwa tu. Pa pili ni kwenye mazingira, yaani orodha ya majina na thamani inayopewa kila amri inayoendeshwa, kama kigeu chenye jina lile lile. Vigeu vya mazingira ni desturi ya Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, tangu toleo lake la 7, la mwaka 1979, na sheria yake ni moja: mchakato mzazi, yaani programu inayoendeshwa, unapozaa mchakato mtoto, humpa nakala. Mtoto anaweza kuichora, kuifuta, kuichana. Ya mzazi haiguswi, na mtoto akimaliza kazi yake, nakala yake inakwenda naye. Kila hatua ya skripti ni mtoto mpya. Kwa hivyo hatua ya pili ilichorachora nakala yake, ikafa nayo, na hatua ya tatu ikapewa nakala safi. Kilichogeuka ni kigeu. Kigezo kilikuwa juu ya rafu muda wote.

Ni kwa sababu hiyo hiyo amri ya export, ya kutoa kigeu kwa michakato mingine, ambayo vijana wanaitegemea kama kwamba ni posta, haivuki hatua. Inapeleka chini kwa watoto wa skripti ile ile, haipeleki mbele kwa hatua inayofuata. Ukitaka thamani ivuke, iandike mahali panapovuka. GitHub Actions, chombo chengine cha paiplaini, hukupa faili maalumu la kuandikia, na ukishaandika humo hatua zinazofuata za kazi ile ile zinaikuta. GitLab, chombo chengine tena, huhifadhi faili la vigeu kama zao la kazi moja, likapokelewa na kazi nyengine. Majina yanatofautiana, jambo ni moja.

Nadhani neno paiplaini lenyewe nalo lina lawama. Kwetu bomba la maji ni mfereji, na mtu akifikiria mfereji anafikiria kwamba kilichoingia juu kitatoka chini bila ya kusukumwa. Hatua za ujenzi si mfereji. Mara nyingi kila kazi inaendeshwa kwenye kontena jipya, yaani chumba cha programu kilichotengwa, au hata mashine nyengine kabisa, iliyoamka dakika hii haina habari na jana. Ni zaidi ya kisiwa na kisiwa: ambacho hukukipakia chomboni, bandarini Mkoani kule Pemba hakifiki, na hakuna wa kumlaumu.

Kuna la aina pia, na hili limenipata mimi mwenyewe, si la kuhadithiwa. Zamani, kwenye ofisi moja niliyofanyia kazi, tulikuwa na mfumo wa kuuza nafasi za vyumba vya hoteli za pwani. Niliweka kigezo WEKA_HEWANI, cha ndiyo au hapana, na chaguo lake la mwanzo ni false. Kwenye skripti nikaandika: ikiwa WEKA_HEWANI haiko tupu, peleka. Unaona? Ndani ya orodha ya vigezo, false ni hapana ya kweli. Lakini ikishavuka kuwa kigeu cha mazingira, inakuwa maandishi tu, herufi tano, na herufi tano si utupu. Programu ikapanda hewani na bei za majaribio ndani yake. Kwa dakika 40 chumba cha ufukweni kilikuwa kikiuzwa shilingi 100 kwa usiku. Nilikuwa nimekwenda kusali Ijumaa na simu nimeizima. Tangu siku ile, nikiona mtu anasema "paramita, variabo, yote mamoja", mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye simu kuangalia.

Na watengenezaji wa vyombo hivi si wajinga, wamezitenganisha makusudi. Kwenye Azure Pipelines, chombo cha Microsoft, vigezo vina aina na hujazwa kabla safari haijaanza, wakati faili la mkondo linapofunguliwa na kusomwa. Vigeu ni maandishi, na huweza kusomwa njiani kila hatua inapofika zamu yake. Ndiyo maana alama zake za kuandikia ni mbali mbali, na ukitumia ya kigezo pahala pa kigeu kilichozaliwa njiani, hupati kitu. GitLab kwa miaka ilikuwa ikitumia vigeu kwa kila jambo, na cha mradi kikikifunika cha kwenye faili bila ya kukuaga. Baadaye wakaongeza mlango wa pembejeo (inputs), wenye aina, unaojazwa mkondo unapoundwa. Yaani wamefika pale pale alipokuwa ami na rafu yake.

Siri, kwa mfano nywila ya hifadhidata, usiitie kwenye kigezo cha kawaida. Ukurasa wa ujenzi humwonyesha kila mwenye ruhusa ya kuufungua. Kuna mahali pake pa siri, patumie hapo, na hilo sina haja ya kulirefusha.

Limebaki lile la mkubwa wetu wa kikaoni. Hili naona limeletwa na redio. Kila tangazo la bahati nasibu au vocha linamalizika na mtu anayesoma mbio mbio: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Tumelisikia mpaka maneno mawili yakashikana likawa neno moja, na sasa mtu akiambiwa kigezo anafikiria sharti. Sharti ni lile la ami: hukulipa nusu, kitambaa hakikatwi. Linajibiwa kwa ndiyo au la, na jibu lake linafungua au linafunga njia. "Tawi likiwa si kuu, isipande" ni sharti. Jina la tawi ndilo linaloweza kuwa kigezo, na sharti likakitazama. Sharti lisilo na kitu cha kutazama haliwezi kuamua chochote, na kigezo kisichotazamwa na yeyote ni kanzu iliyosahauliwa rafuni. Vinahitajiana, ndio, lakini fomu yetu ya kuanzishia ujenzi ina kichwa kilichoandikwa "Masharti", na chini yake kuna visanduku vya TOLEO na MAZINGIRA. Hakuna sharti hata moja pale.

Nimeomba kichwa kile kibadilishwe kiwe "Vigezo". Na yule kijana nimemwandikia asubuhi, kwa upole, kwani kosa ni letu tuliomfundisha kwa maneno ya mkato: kwenye fomu mtu hapitishi variabo wala hapitishi paramita, paramita ilikuwepo tangu mkondo ulipoandikwa. Kilichopitishwa ni thamani, 2.1. Na ile ya hatua ya pili aipe jina lake, TOLEO_LA_JARIBIO au lolote alipendalo, ili usiku mwengine asije akadhani kigezo kimegeuka. Kanijibu, "Sawa Mwalimu, nimefahamu. Lakini kwenye skripti kuna pahala kumi na moja inaitwa TOLEO tu." Nimemwambia aanze na ile ya hatua ya pili.